Kiini cha Kijani

Mpenzi msomaji, mwezi huu nakufungulia mlango wa jikoni kwangu. Mimi na mume wangu tulinuniana siku nne kwa sababu ya kuku. Usicheke!

Tunafuga matetea 12 uani, hapa Dar. Chakula cha dukani kilipopanda bei, mwenzangu, Msukuma wa Sapiwi kule Bariadi, akapiga simu nyumbani. Si kwao ndiko kwenye pamba? Gunia la mashudu ya pamba likaja kwa basi, akachanganya na pumba za mahindi nusu kwa nusu, hesabu imefungwa. Mimi sikuulizwa.

Wiki chache baadaye mayai yakapungua, mengine ganda linabonyea kwa kidole. Jumapili moja, wageni wakiwa jikoni, nikapasua yai lililokaa siku kadhaa. Jamani, kiini cha kijani! Usiku nikamwita bahili. Naye akanijibu kuwa mshahara wangu unaishia saluni.

Kumbe mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili, gosipoli. Ikikutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye kiini, hasa yai likihifadhiwa, rangi hubadilika.

Tulipokwenda Sapiwi likizo, mama mkwe alinipeleka nyuma ya nyumba asubuhi na mapema. Jana yake alikuwa amejaza samadi kavu kwenye chungu kikuukuu na kukifudikiza juu ya njia ya mchwa. Akakikung'uta, vifaranga wakavamia.

"Mwanangu, hawa nawarushia mtama kiganja tu. Panzi, majani, kokoto wanatafuta wenyewe. Wenu mmewafungia. Sasa nani awatafutie?"

Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Sasa tunawatafutia. Mahindi ya kuparaza na pumba ni ya kuwapa nguvu. Mashudu ya alizeti na dagaa ni ya protini, maana kuku anayetaga anahitaji kama asilimia 16 hadi 18 ya chakula chake. Dagaa usizidishe, mayai yatanuka samaki. Mchicha tunawaning'inizia bandani, wadonoe wakiwa wamesimama. Halafu chokaa ya mifugo, ambayo ndiyo tulikuwa tumeisahau kabisa: ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, na kuku asipoipata kwenye chakula anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Chakula chenye ukungu hakiingii getini, hata kiwe cha bure, kwa sababu ya sumukuvu.

Kuku mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo wetu wanamaliza karibu kilo moja na nusu. Hesabu hiyo tunaiandika wawili kila mwisho wa mwezi, kalamu ikiwa mkononi mwangu.

Mashudu yaliyobaki tulimpa jirani mwenye ng'ombe. Ila lile neno la saluni, bwana, bado tunalijadili.