Uhalifu Hauishii Getini

Mwanafunzi akiporwa simu ndani ya uzio wa chuo, chuo kina tukio. Akiporwa hatua ishirini nje ya geti, chuo hakina habari. Kwa mstari huo tunapima usalama wa watoto wetu, na nasema bila kumumunya maneno: mstari huo ni wa uongo.

Tazama maisha yenyewe hapa Tanga. Wanafunzi wengi hawalali chuoni. Wamepanga mageto Mikanjuni, Makorora, Ngamiani na Duga, watatu watatu chumba kimoja. Chukua msichana anayetoka kujisomea na wenzake saa mbili usiku. Bodaboda yenye watu wawili inampitia ubavuni, aliyekaa nyuma anavuta mkoba, na laptopu, simu na kitambulisho cha chuo vimekwenda. Asubuhi anakwenda kwa mlezi wa wanafunzi, naye anamwuliza: ilikuwa ndani au nje? Nje. Basi nenda polisi. Kituo cha polisi cha Chumbageni anaandikiwa RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Kama ameumia anapewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, aende nayo hospitali ya Bombo. Tukio linaingia kwenye hesabu za mkoa kama uporaji mwingine wa mjini.

Kila mwaka Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa ya uhalifu nchini, mkoa kwa mkoa. Tanga utaiona humo. Chuo hutakiona. Polisi wanahesabu kwa mkoa, chuo kinahesabu kwa uzio, na mwanafunzi anaangukia katikati, hahesabiwi na yeyote kama mwanafunzi. Halafu mkuu wa chuo anasimama mbele ya wazazi siku ya kupokea mwaka wa kwanza na kutangaza kwamba chuo chake ni salama!

Wamarekani walilazimishwa na msiba kulitazama jambo hili. Mwaka 1986 Jeanne Clery, binti wa miaka 19, alibakwa na kuuawa ndani ya bweni la Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania. Wazazi wake walipigana hadi sheria ikapita mwaka 1990, na chuo kinachopokea fedha za serikali kuu za misaada kwa wanafunzi kikabanwa kutangaza uhalifu wake kila mwaka. Sheria hiyo inataja mahali panapohesabiwa: eneo la chuo, mabweni yake, majengo ya chuo yaliyo mbali, na maeneo ya umma yanayopakana nacho. Ni hatua kubwa. Lakini nyumba ya mtu binafsi aliyopanga mwanafunzi ng'ambo ya barabara haimo. Tukiinakili sheria hiyo kama ilivyo, geto la Mikanjuni litabaki nje, na huko ndiko wanafunzi wetu wanakolala.

Wala hatari haimsubiri mwanafunzi kwenye geti la chuo tu. Aprili 2019, mwanafunzi wa mwaka wa sita wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, aliuawa kwa shoka mchana kweupe karibu na hospitali ya rufaa ya Eldoret, alikokuwa akijifunzia kazi. Nani atathubutu kusema kifo kile hakikihusu chuo kwa sababu kilitokea barabarani?

Na kuna rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani anayetumia mamlaka yake kudai ngono. Hakiulizi kama alidai ofisini au gesti. Chuo kinachohesabu yaliyotokea ndani ya uzio tu kinamfundisha mhadhiri mwovu mahali pa kumpeleka binti.

Tunachodai kinaeleweka. Yahesabiwe matukio ya ndani ya uzio na katika kila jengo la chuo. Zihesabiwe hosteli binafsi na nyumba za kupanga walimo wanafunzi katika kata zinazokizunguka chuo. Zihesabiwe njia za kwenda darasani na kurudi, pamoja na vituo vya daladala na bajaji. Vihesabiwe vituo vya mafunzo kwa vitendo (filidi), iwe Pangani au Handeni, maana mwanafunzi amepelekwa huko kwa barua ya chuo. Na kosa la mtumishi wa chuo dhidi ya mwanafunzi lihesabiwe popote lilipotendeka. Kila kundi liwe na safu yake, ili asiyependa jumla aone mchanganuo. Polisi nao waongeze swali moja wanapoandika RB: wewe ni mwanafunzi wa chuo gani?

Najua jibu la wakubwa: chuo hakiwezi kubeba lawama za mji mzima. Hakuna aliyewabebesha. Kuhesabu si kukiri kosa. Chuo kinachojua kwamba uporaji umekithiri katika njia fulani kitakwenda Halmashauri ya Jiji na ushahidi mkononi kudai taa, na kwa polisi kitadai doria. Kisichojua kitadai nini? Wengine wanahofia jina la chuo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na jina linalolindwa kwa kunyamazia mabinti waliobakwa halistahili kulindwa.

Chuo Kikuu Mzumbe kimechagua Gombero, wilayani Mkinga, kwa kampasi yake ya Tanga. Wanafunzi wakijaa, watapanga vijijini kama wanavyopanga wenzao mjini. Mipaka ya kuhesabu ichorwe kabla yao.

Tume ya Vyuo Vikuu, na ninyi Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), andikeni kanuni hiyo na muifanye sharti la ithibati. Na wewe mzazi, kabla hujalipa ada, uliza swali hili na udai jibu la maandishi: mwaka jana wanafunzi wenu wangapi walidhurika, na mlihesabu kuanzia wapi mpaka wapi?