Zawadi Iliyogoma Kuingia

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba niungame. Nilimnunulia mume wangu zawadi ya bei mbaya, nikaificha miezi miwili, na siku niliyoitoa ikatuumbua mbele ya ukoo mzima.

Baba watoto anapenda kupiga picha. Si kazi yake, lakini harusi ya ndugu ikitokea mpiga picha ni yeye, hiyo haina mjadala. Kamera yake ni Canon 5D Mark III, toleo la mwaka 2012, aliinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika na anaitunza kuliko anavyonitunza mimi (natania, jamani!). Muda mrefu nilimsikia akiitamani gripu ya betri. Kwa wasioijua, ni kile kitako kinachofungwa chini ya kamera. Kinabeba betri mbili badala ya moja, na kina kitufe chake cha kupigia, ili ukiishika kamera wima usilazimike kuninginiza kiwiko hewani.

Basi wifi yangu akawa anaolewa nyumbani kwao, Bulwa. Ukitaja Usambara wengi wanawaza Lushoto. Bulwa iko Usambara ya Mashariki, wilaya ya Muheza, ng'ambo ya bonde la Lwengera. Unaanzia Muheza mjini, unapanda milima kupitia Amani. Chai, msitu na ukungu. Nikasema moyoni, hapa ndipo pa kutolea zawadi yangu.

Ijumaa jioni mvua ikashuka, umeme ukakatika. Betri yake ya pili ilikuwa kwenye chaja, haijafika hata nusu. Jumamosi alipiga tangu bibi harusi anavalishwa, kanisani, hadi kwenye mashamba ya chai. Jua linazama, betri zote mbili kwisha. Na hapo hapo Bibi, ambaye siku hizi hatoki chumbani, akaomba ainuliwe ambariki mjukuu wake.

Nikakimbilia begi langu kama shujaa wa sinema. Nikafungua boksi. Aibu ya kwanza: gripu niliyonunua ilikuwa ya Mark IV, kwenye Mark III haiingii. Aibu ya pili ilikuwa kubwa zaidi: hata ingeingia, ilikuwa tupu. Gripu haina umeme wake, inabeba tu betri unazoiwekea. Mimi nilidhani nimenunua moto, kumbe nimenunua jiko.

Picha ya baraka ipo moja tu, ya simu ya shemeji. Mikono ya Bibi juu ya shela inaonekana, uso wake ni kiza. Na nani angethubutu kumwomba mzee arudie maneno yale?

Usiku tulikwaruzana. Hakugusia hela. Alisema, "Mama watoto, kamera hii naishika mbele yako kila wiki. Hujawahi kusoma imeandikwaje?" Iliniuma. Nami nikamjibu, "Na wewe hujawahi kuniambia unataka nini hasa, unanung'unika tu pembeni." Tulikuwa sahihi wote wawili, na ndiyo maana hakuna aliyelala vizuri. Kesho yake, wakati wa kushuka kwenda Muheza, tukazungumza njia nzima. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na wewe unayetaka kununua yachukue.

Kwanza, jiulize shida yako ni ipi. Kama ni chaji tu, nunua betri za ziada. LP-E6 moja ina uzito wa gramu 80 hivi, inakaa mfukoni, na mbili mfukoni zina nguvu ile ile ya mbili ndani ya gripu. Gripu inamfaa anayepiga picha za wima saa nyingi, mwenye lenzi nzito inayoivuta kamera mbele, au asiyetaka kusimama katikati ya shughuli abadilishe betri.

Pili, soma namba. BG-E11 ni ya 5D Mark III, BG-E20 ni ya Mark IV, na hazibadilishani ingawa zote zinatumia LP-E6. Nikon MB-D80 inaingia D80 na pia D90. Kwa hiyo usikisie, nenda dukani na kamera yenyewe.

Tatu, uliza kuhusu trei ya betri za AA, hizi za tochi na saa ya ukutani. BG-E11 ina trei ya AA sita. Ningenunua hiyo, duka la jirani pale kijijini lingetuokoa jioni ile. Lakini si zote zina trei. BG-R10 ya Canon EOS R5 na R6 inataka betri za kamera tu.

Nne, kuna gripu za kampuni nyingine, bei yake nafuu. Si vibaya, ila ijaribu kabla ya kulipa. Kaza skrubu yake uone kama inacheza, bonyeza kila kitufe, kagua mpira wa kuzuia maji pale inapokutana na kamera. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kule mpira huo si urembo.

Tano, aishike mwenyewe atakayeibeba. Ukiongeza kitako na betri mbili, shingo ndiyo inayolipa.

Sisi gripu ile tuliiuza kwa hasara, tukanunua betri tatu. Akasema hizo zinamtosha kwa sasa, ya kwake atanionyesha siku akiihitaji. Nilitaka kumshtukiza ili nionekane namjua mume wangu. Ningemuuliza, ningemjua.

Juzi naye kaniuliza ninataka nini siku yangu ya kuzaliwa. Zamani ningesema "chochote tu, mpenzi," halafu ninune wiki nzima. Safari hii nimemwandikia kwenye karatasi, na rangi, na saizi.

Tukutane mwezi ujao.