Lokandu: Mgonjwa wa sukari aulizwe pia habari ya moyo wake

Chukua mfano wa mama wa makamo huko Lokandu, kando ya mto Lualaba, anayeishi na ugonjwa wa sukari wa aina ya pili. Dawa anazo, lakini hazinywi. Shamba lake la mpunga limejaa majani. Usiku halali, chakula hakimpendezi tena, na wenzake hawamuoni sokoni. Jirani mmoja anasema ni uvivu, mwingine anasema amerogwa. Kwenye kituo cha afya, muuguzi anapima sukari, anaikuta imepanda, kisha anamgombeza: "Mama, mbona haufuati mashauri?"

Kabla ya swali hilo kuna lingine ambalo mara nyingi haliulizwi: moyo wake uko namna gani?

Utafiti uliofanyika katika nchi nyingi umeonyesha kwamba mwenye ugonjwa wa sukari anakaribia kuwa na hatari mara mbili ya kupatwa na ugonjwa wa huzuni, ambao waganga wanauita depresioni, kuliko mtu asiye na sukari. Na kinyume chake ni kweli pia: mwenye depresioni naye ana hatari zaidi ya kupata sukari ya aina ya pili.

Wanasayansi wamekwenda mbali zaidi. Kwa mashine ya IRM, inayopiga picha za ubongo bila kupasua kichwa, wamechunguza wagonjwa wa sukari wenye huzuni. Ubongo una sehemu ya kumbukumbu, sehemu ya woga na hisia, na sehemu ya mbele inayopima mambo na kuamua. Sehemu hizo zinapelekeana habari wakati wote. Kwa wagonjwa hao, mawasiliano hayo yameonekana kubadilika: mahali fulani yamelegea, mahali pengine yamezidi. Sukari nyingi huharibu mishipa midogo ya damu, hata ile ya kichwani, na homoni za wasiwasi nazo huchangia.

Picha hizo hazitoshi kusema ni ugonjwa gani uliozaa mwingine. Wala mgonjwa wa Lokandu hahitaji IRM ili atambuliwe. Lakini kwa wakaaji wa Maniema zina fundisho moja kubwa: huzuni ya mgonjwa wa sukari si uvivu wala laana. Ni ugonjwa unaogusa mwili, kama vile kidonda cha mguu kinavyougusa, na unatibika.

Ukiachwa, hasara yake ni kubwa. Mtu aliyekata tamaa anasahau dawa, hatembei, anakula chochote kilichopo. Sukari inapanda, macho na figo vinaharibika, kidonda kidogo kinafika hatua ya kukatwa mguu. Familia inauza mbuzi na baiskeli kulipia matokeo ya jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

Wengine watasema: vituo vinakosa hata vipimo vya sukari, sasa mambo ya moyo ya nini? Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuuliza hakugharimu hata franka moja. Maswali mawili tu, yanayotumiwa na waganga duniani kote, yanatosha kuanzia: katika majuma mawili yaliyopita, mama, umekuwa na huzuni ama kukata tamaa mara nyingi? Na mambo uliyokuwa ukiyafurahia, bado yanakufurahisha?

Akijibu kwamba huzuni imemzidi, apelekwe wapi? Kituo cha Sosame kiko Bukavu, Tulizo Letu iko Goma, miji iliyoanguka mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, na barabara ya Kindu hadi Bukavu ni mbovu tangu miaka mingi. Kumngoja daktari bingwa ni sawa na kumwacha mgonjwa peke yake.

Njia nyingine ipo, na ilijaribiwa jirani hapa. Nchini Uganda, katika vijiji vya Masaka na Rakai, watu wa kawaida wasio waganga wa akili walifundishwa kwa majuma mawili tu, kisha wakaongoza vikundi vya mazungumzo vya wenye depresioni mara moja kwa juma, kwa majuma 16. Matokeo, yaliyotangazwa 2003, yalionyesha kwamba waliokuwa katika vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokuwemo. Na tangu 2008, Shirika la Afya Duniani, OMS, linahimiza wauguzi wa kawaida wafundishwe kutambua na kutibu magonjwa haya.

Kwa hiyo wakuu wa afya wa Maniema wana kazi isiyongoja ufadhili mkubwa. Maswali hayo mawili yaandikwe kwenye fishi ya kila mgonjwa wa sukari. Wauguzi na reko wafundishwe kusikiliza bila kugombeza. Wagonjwa wakutanishwe kila juma, chini ya mwembe ikibidi. Anayesema hataki tena kuishi asiachwe peke yake, afikishwe hospitali ya Kindu haraka.

Familia nazo ziache neno "mvivu". Mama huyo wa Lokandu anahitaji mtu wa kukaa naye wakati wa kunywa dawa, na wa kumsindikiza kituoni siku ya miadi.