Nyaya zatua Mombasa, darsa yakwama Kibokoni

Mwezi uliopita stima ilipotea kwetu Kibokoni baada ya Alasiri, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena. Iliporudi mara ya pili friji ilinguruma, feni ikazunguka, lakini rauta ya intaneti ilikuwa imekufa. Haikuwaka hata taa moja. Kwa nyumba nyingine hilo ni jambo dogo. Kwetu ni sawa na duka kufungwa, kwa sababu mke wangu husomesha Qur'ani kwa njia ya video. Ana wanafunzi kumi na mmoja, wengi wao watoto wa Waswahili na Wasomali walioko London na Leicester, na ada wanazotuma wazazi wao ndizo zinazolipa karo ya kifungua mimba wetu.

Kesho yake nikaenda mjini kununua rauta mpya. Muuzaji alinionyesha moja yenye antena nne, akaapa kwamba hii inapiga mpaka barabarani. Nikalipa, nikarudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo. Nikaichomeka sebuleni nyuma ya televisheni, nikaandika nywila, nikapima kasi kwa simu nikiwa nimesimama kando yake: megabiti 19 kwa sekunde. Kifurushi chetu ni cha megabiti 20. Nikasema alhamdulillahi, kazi imekwisha.

Usiku ule ule darsa ikaanza kukwama.

Asiyejua kazi hii anaweza kudhani kukwama kidogo si neno. Katika tajwidi ni neno kubwa. Ghunna ina kipimo chake, harakati mbili. Madd laazim huvutwa harakati sita. Mtoto akivuta sita na mtandao ukala nne, mwalimu anasikia mbili, na anamsahihisha mtoto aliyesoma sawasawa. Mtoto anarudia, mara hii sauti inafika yote kwa pamoja kama maji yaliyozibuliwa. Baada ya juma moja mzazi mmoja wa London alituma ujumbe wa adabu sana, kwamba mwanawe anachanganyikiwa na wameona wamtafutie mwalimu mwingine kwa sasa. Mke wangu alinisomea ujumbe ule mara moja tu, kisha akaiweka simu kifudifudi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilipiga simu kwa kampuni inayotuuzia intaneti mara tatu. Mara zote tatu nikaambiwa: zima rauta, subiri dakika tano, washa tena. Mara ya nne wakaleta fundi. Akaitazama ile rauta yenye antena nne, akatabasamu. "Ami, hii si yetu. Laini yetu iko sawa. Shida ni kifaa chako." Akaondoka.

Jioni barazani kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Mmoja akasema ni nyaya zimekatika Bahari ya Shamu. Mwengine akasema serikali inapunguza kasi makusudi. Wa tatu, ambaye kila jambo hulimalizia Nairobi, akasema bila shaka ni Nairobi.

Siwacheki, kwa sababu hakuna aliyesema jambo lisilo na asili. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari yetu hii iliukata kwa nanga waya wa TEAMS, ule unaotuunganisha na Fujairah. Februari 2024 nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, ukiwemo wa SEACOM. Mei 12 mwaka huo huo zikakatika EASSy na SEACOM kule kusini karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikajikokota. Halafu Juni 25 mtandao ukazorota nchini siku ile ile ya maandamano ya Mswada wa Fedha, na wengi wakaingiwa na shaka, ingawa Mamlaka ya Mawasiliano siku moja kabla ilikuwa imetangaza kwamba haina nia ya kuufunga. Mtu aliyepitia mwaka kama huo ana haki ya kushuku bahari na serikali kabla ya kushuku ukuta wa nyumba yake.

Lakini waya wa baharini ukikatika, huumia mji mzima, mchana na usiku. Hauchagui chumba kimoja Kibokoni baada ya Isha.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu anayesomea kompyuta chuoni. Diploma yangu mimi ni ya mambo ya forodha, kwa hivyo katika uwanja huu ni mwanafunzi wake. Alikuja Ijumaa baada ya Swala, akanisikiliza nikilalamika, kisha akasema: "Mjomba, usiseme intaneti mbovu. Sema ni mbovu kuanzia wapi."

Alianza kwa kuchomeka waya kutoka rauta hadi kompyuta, bila wifi kabisa. Ilikuwa mchana. Kasi ikawa 19, na muda wa ujumbe kwenda London na kurudi, ambao vijana wanaocheza michezo ya simu huuita pingi, ukawa karibu milisekunde 160, umetulia. Nikamuuliza kwa nini usiwe kumi. Akacheka. Mwanga ndani ya kioo cha faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. London iko zaidi ya kilomita 7,000 hata ungeruka kama ndege, kwa hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70, na nyaya haziendi kama ndege. Huzunguka Pembe ya Afrika, zikapanda Bahari ya Shamu, zikavuka Misri, zikaingia Mediterania. Umbali huo hauna wa kulaumiwa, na wala si mbaya: shirika la kimataifa la ITU linasema mazungumzo ya sauti huenda vizuri iwapo safari ya upande mmoja haizidi milisekunde 150. Sisi ni kama 80.

Akanionyesha pia njia ujumbe wetu unayopita. Hatua ya kwanza ni nyumbani. Baada ya hatua chache tuko Nairobi. Kisha ndipo ukateremka tena kuja kushika bahari. Nyaya zinatua hapa, karibu kiasi cha kwenda kwa tuktuk, na ujumbe wa mtu wa Mombasa unapandishwa bara kwanza ndipo urudi! Mtu aliyesomea forodha hawezi kuona hivyo asikumbuke makontena ya mwaka 2019, yalipoamriwa yapande SGR mpaka Nairobi na vijana wetu wa clearing wakabaki kuota jua. Nilitamani hilo ndilo liwe jibu. Ningeandika makala ya moto sana. Lakini mpwa wangu akapima, na safari hiyo ya Nairobi iliongeza milisekunde kama kumi tu. Si hiyo iliyokula madd ya mtoto wa watu. Ubaya wake ni mwengine: waya wa bara ukikatwa na tingatinga njiani, sisi tulioketi juu ya lango la bahari tutabaki bila mtandao. Mji huu una kituo chake cha kubadilishana mawasiliano ya mitandao, na kampuni zetu zinafaa kuulizwa zinakitumia kwa kiasi gani. Swali hilo nitalirudia siku nyengine.

Basi tukaingia chumba cha darsa. Hapo wifi ilitoa megabiti 3, na pingi ikawa inaruka kama panzi. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta za wazee, nene kupita mkono wangu kutoka kiganja hadi kiwiko. Rauta ile ya zamani ilikuwa na mawimbi ya aina moja tu, ya gigahezi 2.4, ambayo ni ya polepole lakini hupenya ukuta kwa nafuu. Hii mpya ina hayo na ya gigahezi 5, yenye mbio kubwa karibu nayo na unyonge mkubwa nyuma ya jiwe. Zote mbili zilikuwa chini ya jina moja, na kompyuta ya mke wangu ilikuwa imeng'ang'ania hiyo ya 5 kupitia kuta mbili. Juu ya hayo, kwenye 2.4 tulihesabu rauta kumi na nne za majirani, nyingi zimejazana chaneli 6. Katika mawimbi hayo chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu.

Na nani aliyeitoa rauta ukumbini, katikati ya nyumba, ilipokaa ile ya zamani, akaiweka nyuma ya televisheni kwa sababu antena nne zinapendeza? Fundi wa kampuni alikuwa na haki yake hapo. Tukairudisha ukumbini, tukayapa mawimbi majina mawili, tukahamia chaneli 11. Kisha tukapitisha waya juu ya boriti mpaka meza ya darsa, kwa sababu kazi inayoleta riziki haifai kutegemea mawimbi yanayogombana na jiwe.

Siku mbili darsa ilikuwa safi. Ya tatu ikakwama tena, saa mbili unusu usiku, kwa dakika ishirini, ikaacha. Nilipima nikaona pingi imepanda kutoka 160 hadi 900. Huyo alikuwa mwanangu. Simu yake ikiingia wifi usiku huanza kupakia video zote za siku nzima kwenye hifadhi ya mbali. Zamani rauta mbovu ilimfikia kwa shida chumbani kwake, kwa hivyo hakuweza kuijaza njia. Rauta mpya imempa mbio kamili, akaijaza.

Hili ndilo lililonichukua muda kulielewa, na naona wengi hawalielewi. Kasi si kitu kimoja na kuchelewa. Fikiria feri ya Likoni. Feri inaweza kuwa kubwa na kuvuka upesi, lakini ukiwa nyuma ya malori arobaini, ambulensi yako itangoja yavuke yote. Video za mwanangu ni malori. Sauti ya mtoto anayesoma ni ambulensi, ndogo lakini haiwezi kungoja. Kununua kifurushi kikubwa zaidi ni kuongeza ukubwa wa feri, na malori nayo huongezeka. Tulichofanya ni kuingia kwenye mipangilio ya rauta, tukaipa kompyuta ya darsa kipaumbele, na tukaweka kikomo cha kupakia chini kidogo ya uwezo wa laini ili foleni isijengeke. Pingi ikarudi 170 hata kijana akiendelea na malori yake.

Kufikia hapo makosa yote yalikuwa yangu. Ndipo mpwa wangu akaniambia nifanye jambo moja zaidi: nipime kwa waya, vifaa vyengine vyote vimezimwa, asubuhi na saa tatu usiku, kwa siku saba, na niandike daftarini.

Asubuhi: 19, 19, 18, 19. Usiku: 6, 5, 7, 6.

Hapo hakuna ukuta, hakuna mwanangu, hakuna chaneli ya jirani. Ni waya mtupu. Kampuni imeuza njia moja ya mtaa kwa nyumba nyingi, ikitarajia kwamba hatutaitumia sote kwa wakati mmoja, na baada ya Isha sote tunaitumia. Kugawana huko si haramu. Bila kugawana hakuna mtu wa kawaida angeweza kumudu bei. Kosa ni kutuambia "hadi megabiti 20" na kunyamaza kuhusu saa ambazo mtu yuko nyumbani. Wanafunzi wa mke wangu hutoka shule, wakala, wakaketi saa kumi na moja jioni ya London. Wakati wa baridi kwao, hiyo ni saa mbili usiku kwetu. Hanunui intaneti ya asubuhi. Anayolipia ni ile ya saa mbili.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike nayo, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Tuna Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo hupokea malalamishi ukishaanza kwa kampuni yenyewe na usiridhike. Maandishi hayakupungua. Kinachokosekana ni mkataba unaotaja kasi ya chini kabisa ambayo kampuni haitashuka chini yake saa za usiku, na Mamlaka inayozilazimisha kampuni kutangaza vipimo vya usiku mtaa kwa mtaa, Kibokoni peke yake, Majengo peke yake, Bamburi peke yake. Wastani wa nchi nzima haumsaidii mtu wa kichochoro changu. Na kuchelewa kutajwe pamoja na kasi, kwa kuwa anayesomesha, anayemhoji daktari kwa video na kijana anayefanyia kazi kampuni ya ng'ambo wote huumizwa na pingi kabla ya kuumizwa na megabiti.

Niliwaandikia barua pepe, nikaambatisha picha za daftari. Jibu la kwanza lilikuwa nizime rauta, nisubiri dakika tano. Nikajibu kwamba vipimo vilichukuliwa kwa waya, vifaa vyengine vimezimwa, siku saba mfululizo, na kwamba nakala inayofuata nitaipeleka kwa Mamlaka. Mara hii akajibu mtu mwengine, mwenye cheo. Alikiri kwa maandishi kwamba njia ya mtaa wetu hujaa usiku na akasema itapanuliwa. Hakutaja tarehe. Fidia hakuigusa, nami nimemuuliza tena.

Yule mtoto wa London hajarudi. Mke wangu amempata mwengine, binti wa miaka tisa huko Leicester, ambaye wazazi wake walitaka darsa moja ya majaribio kwanza. Ilifanyika jana. Saa mbili usiku nilikuwa ukumbini na daftari, nimewazimia watu wote wifi, mwanangu amenuna. Kipimo kilikuwa 11.