Tumfundishe Mwanafunzi Kuwa Mgeni, Si Mtalii

Karibu kila kitabu cha kufundishia wageni Kiswahili kina sura moja ya safari. Katika sura hiyo bwana fulani na mkewe humpokea rafiki kutoka ng'ambo. Siku ya kwanza humpeleka Serengeti, siku ya pili Bagamoyo au Mji Mkongwe wa Unguja, jioni hula pilau hotelini, na asubuhi rafiki hupanda ndege akiwa amejifunza majina ya wanyama sita na namna ya kuuliza bei. Wenyeji wa nchi katika sura hiyo wana kazi mbili tu: kuendesha gari na kuleta sahani. Mimi nimeifundisha sura ya namna hiyo kwa miaka mingi, tena kwa furaha. Leo naandika kuipinga, na walimu wenzangu waniwie radhi, kwa maana baadhi yao ndio walioitunga.

Sababu yangu sikuitoa maktabani. Niliipata juu ya mkeka, Nchelenge, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, pwani ya mashariki ya Ziwa Mweru. Huko anakaa mdogo wangu, mfanyabiashara wa samaki, aliyeoa na kulowea. Mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita, alitualika tukale naye sikukuu, nami nikaandamana na mke wangu na marafiki wawili, wote walimu wa Kiswahili. Nilipoaga kazini, mwenzangu mmoja aliniuliza tunakwenda kutazama nini mahali ambapo hapana mbuga, hapana magofu, wala hapana Kiswahili.

Kwanza nijibu la kutazama, maana ni jepesi. Ziwa lile lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 5,000, sehemu yake iko Zambia na sehemu iko Kongo. Kwa kuwa Nchelenge iko mashariki, jua huzama majini, upande wa Kongo, na giza likiisha kuingia taa za wavuvi wa chisense, vidagaa vya ziwa hilo, huwaka mstari mrefu hata mtu adhani ni mji mwingine unaoelea. Kashikishi, palipopakana na Nchelenge hata hujui mji upi umeishia wapi, pana soko la samaki ambalo mtu anaweza kushinda kutwa asichoke. Atakaye maporomoko ya maji na aende Lumangwe katika mto Kalungwishi, au Ntumbachushi karibu na Kawambwa. Ila asiende mwezi wa Desemba akitumaini kula samaki mbichi kwa Krismasi: toka tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Basi, hayo yatosha. Mandhari si hoja yangu.

Hoja yangu ni hilo la pili, kwamba huko hapana Kiswahili. Mwenye kusema hivi hajasoma hata vitabu tunavyojivunia. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta huko Muhammad bin Salih, mfanyabiashara aliyekwisha kukaa miaka mingi. Mwaka huo huo Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, alipigana na Nsama wa Watabwa mashariki ya ziwa, na habari hizo akaziandika mwenyewe kwa Kiswahili katika maisha yake. Sisemi hayo kwa kujisifu. Kiswahili kilifika ziwani pamoja na bunduki, pembe na minyororo ya watumwa, na mtu anayekwenda huko na lugha hii kinywani angefaa aende kwa adabu. Katika ziwa hilo kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, na upande wa Kongo kuna mji wa Kilwa. Rafiki yangu mmoja alipolisikia jina hilo alishangilia, akatangaza kwamba pwani ndiyo iliyozaa yote. Nilimkumbusha kwamba Malawi nako kuna ziwa la Chilwa, na kwamba jina moja si hati ya uzazi. Hakufurahi.

Kiswahili cha ziwani leo ni cha ng'ambo ya Kongo. Kilwa na Pweto ndicho lugha ya soko, nacho huvuka na mitumbwi kila siku. Desemba mwaka 2000, Pweto ilipotekwa vitani, watu maelfu walikimbilia Zambia; na mwaka 2018 yalifunguliwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge, kwa ajili ya Wakongo waliokimbia machafuko ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wenyeji wenyewe husema Kibemba. Lakini ukikaa Kashikishi nusu saa utasikia Kiswahili kikipimwa pamoja na samaki.

Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ni mmoja wa waliovuka mwaka 2000, akiwa msichana. Jioni tuliyofika alituandalia karamu ambayo sitaisahau: ugali wa muhogo, laini na wa kunata kama wanavyoupenda Luapula, samaki wa pale aliyechemshwa kwa nyanya, chisense waliokaangwa, kisamvu, ambacho huko huitwa katapa, na munkoyo wa kuteremshia. Majirani walikuja kutuamkia, watoto wakaleta maji ya kunawa, wakianza na wageni. Ndipo mama yule akapiga goti kidogo, akasema, "Karibuni, bageni. Mukule, samaki iko mingi."

Rafiki yangu mmoja, mtu mwema, mwenye kisomo kikubwa, akacheka. "Si 'bageni', mama. Sema 'wageni'. Na samaki ni 'wengi', si 'iko mingi'." Mama akatabasamu, akasema, "Ndiyo, mwalimu." Baada ya kitambo akauliza habari za batoto wetu, rafiki yangu wa pili akadakia, "Watoto!" Nami nikacheka. Hili nataka liandikwe wazi: sikunyamaza, nilicheka.

Toka dakika ile hatukusikia tena Kiswahili chake. Siku tatu zilizosalia alisema nasi Kibemba, kwa upole uleule, naye mdogo wangu akawa anatufasiria: kula, kulala, maji ya kuoga, dawa ya mbu. Walimu watatu wa Kiswahili walikaa katika nyumba ya mtu ajuaye Kiswahili, wakahitaji mkalimani. Kazi hiyo tuliifanya kwa muda usiozidi robo saa, tukiwa na mafuta ya samaki vidoleni.

Na tulisahihisha nini hasa? Ile "ba-" ni mali ya ukoo wa Kibantu kuliko "wa-" yetu. Mbemba husema "abantu" na "abeni", yaani watu na wageni. Mganda na Mhaya nao husema "abantu". Ajabu ingekuwa mtu wa Pweto aiache. Kiswahili tunachokiita sanifu kilichaguliwa Mombasa mwaka 1928, kwa msingi wa Kiunguja, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 kukilea ilikuwa ya nchi nne: Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda. Kongo haikuwamo. Shemeji yangu hajavunja mkataba wowote, kwa kuwa hakuna aliyewaita babu zake kuutia sahihi. Tena lugha yake ina kanuni: atakayesikiliza wiki moja ataona upatanisho wake unavyokwenda. Ina maandishi vilevile. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kwa Kiswahili cha watumishi wa majumbani, akisimulia ukoloni kama walivyouona wao kutoka jikoni. Ni walimu wangapi kati yetu wamewahi kulitaja andiko hilo darasani?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba kila mtu akisema apendavyo, mtihani utasahihishwaje? Jibu langu ni kwamba mtihani una chumba chake, na humo mimi ni mkali kuliko wengi; wanafunzi wangu ni mashahidi. Mkeka wa watu si chumba cha mtihani. Nitaambiwa pia kwamba yule mama angefaidika kwa kujua Kiswahili sanifu. Huenda. Kijana wake wa kwanza kwa kweli alikuwa ameomba, kabla ya chakula kile, tumpelekee kamusi. Baada ya chakula hakuomba tena.

Jumamosi tulikwenda Mwansabombwe kuona Umutomboko, sikukuu ya Walunda wa Mwata Kazembe, ambayo hufanyika mwishoni mwa Julai kila mwaka. Mwata hubebwa juu ya machela mabegani mwa watu, kisha hushuka na kucheza, shoka mkono huu na upanga mkono huu, kukumbuka jinsi wazee wake walivyotoka kwa Mwata Yamvo, wakavuka Luapula na kushinda nchi. Umati ule wa familia nzima nzima, vyungu vya pombe, vumbi na ngoma, sitaueleza, maana nitamaliza karatasi. Lakini nataka msomaji atafakari jambo moja. Walunda wale walikuja washindi. Wangeweza kuilazimisha nchi iseme lugha yao. Leo nyumbani husema Kibemba, na sifa za kifalme peke yake ndizo zinazoimbwa kwa lugha ya kale. Hata historia yao, "Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi", iliyotolewa mwaka 1951 kwa jina la Mwata Kazembe wa 14, imeandikwa kwa Kibemba. Wao walioshinda kwa upanga walijifunza lugha ya waliowakuta. Sisi tuliokuja kwa basi, tumebeba sabuni na khanga za zawadi, hatukuweza kustahimili silabi moja.

Agosti 2019, Dar es Salaam, Jumuiya ya SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Tulipiga vigelegele, na kila tarehe 7 Julai, toka UNESCO ilipoitangaza siku hiyo mwaka 2021, tunavipiga upya. Zambia na Kongo zote mbili zimo katika SADC. Je, tunawaalika karamuni ili wale, au ili tuwasahihishe namna ya kushika tonge?

Kwa hiyo nawaomba watungaji wa vitabu waing'oe ile sura ya safari. Badala yake waandike sura ya mgeni: mtu anayefika kwa watu, ananawa, anakula alichopewa, anauliza jina la chakula kama mwenyeji anavyolitaja, na kulirudia vivyo hivyo bila kulitengeneza. Msamiati wake ni mgumu kuliko majina ya wanyama sita, na baadhi ya mazoezi yake ni ya kunyamaza. Mwanafunzi asikie "bageni" kwenye kanda kabla hajakutana nalo mkekani, ili asicheke. Mithali yetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone; kwetu Nchelenge mwenyeji hakupona.

Mwezi uliofuata ulifika mfuko wa chisense wakavu kutoka Kashikishi, na salamu za shemeji kwa mkono wa mdogo wangu. Tumekwisha kuwala. Barua ya shukrani nimeianza mara tatu, na mara tatu nimeichana, kwa kuwa kila niisomapo naona ni insha ya mtihani.