Daftari la wiki: Pikapu inayozima ikitaka

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda, kwenye injini nyingi za pikapu za zamani zaidi ya mara 20, mpaka inakuwa ya moto kiasi kwamba dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe. Rudolf Diesel aliifanikisha injini ya namna hiyo huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na mahitaji yake hayajabadilika: hewa safi, kompresheni ya kutosha, na dizeli inayofika kwa wakati. Injini iliyogoma kuwaka kabisa ni rahisi kuitibu. Inayosumbua ni ile inayowaka vizuri asubuhi, ikazima mchana njiani, ikapumzika nusu saa ikawaka tena, halafu ikifika gereji inanguruma kama haijawahi kuumwa.

Ugonjwa huo unawagusa sana wenye pikapu wa Cheyo na kata nyingine za Tabora mjini, maana gari huharibikia mbali na fundi. Kazi yake ni tumbaku ya Urambo na Kaliua, asali ya Sikonge, mahindi na mbao, na upande wa magharibi linafuata uelekeo uleule wa misafara ya zamani ya kwenda Ujiji. Magari yenyewe mengi yanafahamika: Hilux za injini ya 2L, 3L au 5L, na Land Cruiser ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Hizi zote zina pampu ya mafuta ya kimakanika. Hilux mpya zaidi zinaendeshwa na kompyuta na zitafikiwa baadaye.

Uchunguzi huanzia kwa dereva, kabla ya spana. Injini ilizima ikiwa baridi au moto? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Barabara ilikuwa lami au makorongo? Ilikuwa inapanda, au inatambaa tambarare? Ilitoa moshi gani? Linalopita yote ni hili: ilikata ghafla, kama mtu kazima swichi, au ilianza kusuasua, ikakosa nguvu, ndipo ikafa? Kukata ghafla huelekeza kwenye umeme. Kusuasua huelekeza kwenye mafuta. Dereva akijibu tu kwamba “inazima, fundi”, inafaa aulizwe tena na tena bila haraka, kwa sababu majibu yake ndiyo yanayookoa pesa. Anayeanza kwa kushusha pampu na kuipeleka kupimwa ameanza na kitu cha gharama kubwa kuliko vyote, na mara nyingi hakuna kosa alilolithibitisha.

Kwa upande wa umeme, pampu ya injini hizi ina solenoidi ndogo yenye waya mmoja. Swichi ikiwashwa, solenoidi hufungua njia ya dizeli. Umeme ukikatika, injini inakufa. Waya uliosuguliwa na chuma cha bodi, fyuzi iliyolegea kwenye makazi yake au kichwa cha betri chenye kutu vinaweza kuukata umeme huo kila gari linaporuka shimo, kisha vikarudi kugusana. Kipimo chake ni balbu ya volti 12. Waya mmoja wa balbu unaunganishwa kwenye solenoidi, mwingine kwenye bodi, na balbu inavutwa mpaka ndani, mbele ya dereva. Gari linapelekwa kwenye barabara ileile linakozimia. Injini ikifa na balbu ikazima pamoja nayo, kosa ni la umeme, na waya ufuatwe kutoka solenoidi kurudi kwenye fyuzi na swichi. Injini ikifa huku balbu inawaka, umeme umefika hapo, na macho yahamie kwenye mafuta.

Upande wa mafuta una mambo mengi zaidi, na la kwanza ni hewa. Kwenye injini hizi hakuna pampu ndani ya tangi inayosukuma dizeli. Pampu ya injini ndiyo inayoivuta tangu tangini, kupitia filta. Kwa hiyo mpira uliopasuka upande wa kuvuta unaweza usidondoshe hata tone. Badala ya dizeli kutoka, hewa inaingia. Ndiyo maana sehemu huonekana kavu, safi, na fundi anaipita. Dawa ni kukata shaka kwa macho: kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani kinafungwa kati ya filta na pampu, injini inawashwa, inaachwa ipate moto, kisha inapandishwa mwendo. Vipovu vichache mara baada ya kufungua mfumo ni kawaida. Vikiendelea kupita mfululizo, kuna mahali panapovuta hewa. Kipande hicho kinahamishwa hatua kwa hatua kuelekea tangini. Pale ambapo vipovu vinatoweka, kosa liko kati ya hapo na kituo kilichotangulia. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta inastahili kushukiwa mapema, kwani mpira wake wa ndani huchoka kwa umri na joto.

Tangi nalo lina tabia yake. Uchafu ulio chini huvutwa ukaziba chujio la bomba la kunyonyea; injini inakosa nguvu na kufa. Ikishakufa mvuto unaisha, uchafu unaanguka, na baada ya muda gari linawaka kana kwamba limejiponya. Tundu la kupumulia likiziba matokeo yanafanana, ila hapo kifuniko cha tangi kikifunguliwa hewa huingia kwa mlio wa kufyonza na injini hurudi. Kipimo kinachotenganisha tangi na mengine ni dumu safi lenye dizeli safi: mpira wa kuvuta na ule wa kurudisha yote miwili inatumbukizwa humo, mbali na ekzosi. Gari likitulia, pampu haina hatia.

Maji ni adui wa masika na wa mapipa. Dizeli inayouzwa au kutunzwa kwenye mapipa hukusanya maji chini, na tangi lililoachwa nusu usiku wa baridi hutoa jasho ndani. Maji hayo yanamwagwa asubuhi, kabla ya kuwasha injini, kupitia koki iliyo chini ya filta, ndani ya chupa ya kioo. Yatajitenga chini ya dizeli yakionekana wazi. Ute mweusi kati ya tabaka hizo mbili ni vijidudu vinavyoishi kwenye mpaka wa maji na mafuta, na hapo kubadilisha filta hakutoshi. Tangi lishushwe lioshwe.

Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa yana madhara ya polepole zaidi. Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulainisho huo. Ili kuwanasa wachakachuaji, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Pampu iliyolika hujionyesha kwa joto: injini baridi inawaka, ikizimwa ikiwa moto inagoma, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na huvuja kwenye sehemu zilizolika. Kitambaa kilicholowa maji kikiwekwa juu ya pampu hiyo kwa muda, na injini ikawaka, basi sasa pampu ipelekwe kupimwa. Kumwagia maji ya baridi moja kwa moja kunaweza kuikamatisha.

Hilux za kizazi kilichoanza mwaka 2004, zenye injini za 1KD na 2KD, zina reli moja ya mafuta yenye shinikizo linalopita baa 1,000. Desturi ya kulegeza nati za noseli kutafuta silinda inayomisi, inayokubalika kwenye 3L au 1HZ, hapa imepigwa marufuku kabisa: mchirizi wa dizeli hupenya ngozi, na jeraha hilo dogo kwa macho ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Betri pia isichomolewe kabla kompyuta haijasomwa, maana kumbukumbu ya kosa inaweza kufutika. Na msimbo wa kosa uliosomwa hautaji kipuri cha kununua. P0087 inasema shinikizo la reli limeshuka. Linaweza kushushwa na vali ya kudhibiti mvuto inayonata, ambayo huzimisha gari linapopunguza mwendo, au na filta iliyoziba ya bei ndogo. Filta ianze.

Kila badiliko lifanywe peke yake, kisha gari lijaribiwe. Jaribio la kuzunguka mtaani halitoshi. Gari lililokuwa likizima saa nane mchana, tangi likiwa robo na mzigo nyuma, lirudishwe barabarani saa nane, tangi likiwa robo, na mzigo nyuma.