Dakika tano za nyongeza zinatayarishwa mazoezini, si kwenye benchi

Tarehe 17 Machi 2022, mjini Indianapolis, Marekani, mtoto wa Lubumbashi Oscar Tshiebwe alifunga pointi 30 na kukamata ribaundi 16. Kwa kawaida, mchezaji akifanya kazi ya namna hiyo, timu yake inarudi nyumbani na furaha. Siku ile haikuwa hivyo. Timu yake ya chuo kikuu cha Kentucky ilifungwa 85 kwa 79 na Saint Peter's, chuo kidogo cha mji wa Jersey City ambacho watu wengi, hata Marekani kwenyewe, walikuwa hawakijui.

Baada ya dakika 40 za kawaida, timu zote mbili zilikuwa na pointi 71. Zikaongezwa dakika tano. Katika dakika hizo, Saint Peter's ilipata pointi 14 na Kentucky pointi 8. Kentucky, iliyopangwa ya pili katika kundi lake la timu 16, ilitolewa katika mchezo wake wa kwanza na timu iliyopangwa ya 15.

Tangu siku ile, watu wanasimulia habari hiyo kama muujiza. Wengine wanasema ni bahati. Maneno hayo yanamnyima haki aliyekuwa kocha wa Saint Peter's wakati ule, Shaheen Holloway. Tena yanawadanganya makocha vijana wa Lubumbashi, Goma, Bukavu na Kalemie, wanaofikiri kwamba mchezo ukifika kwenye nyongeza, mambo yote yako mikononi mwa Mungu na mwa nyota wa timu.

Ukweli ni kwamba nyongeza ina nafasi ndogo sana ya kufundisha. Kwa sheria za FIBA, ambazo ndizo zinazofuatwa Congo, kuna mapumziko ya dakika mbili kabla ya nyongeza kuanza. Ndani ya dakika zile tano, kila kocha anaruhusiwa kusimamisha mchezo mara moja tu. Wachezaji wamechoka, kelele ni nyingi, miguu inatetemeka. Kocha anayetaka kueleza mipango mipya sita kwa wakati huo anapoteza muda wake. Neno moja au mawili ndiyo yatakayoingia kichwani. Yaliyobaki, mchezaji anayatoa katika yale aliyozoea.

Holloway alikuwa amezoesha nini timu yake? Jambo la kwanza ni kuamini benchi. Msimu ule wote, wachezaji wake wengi walikuwa wakiingia na kutoka, bila kungoja mtu mmoja aumie au achoke kabisa. Doug Edert, aliyesawazisha mchezo kuwa 71 kwa 71 zikiwa zimebaki sekunde chache, hakuwa katika watano wa kwanza. Alitoka benchi na kufunga pointi 20. Mwenzake Daryl Banks alifunga 27. Walikuwepo pia mapacha wawili kutoka Mali, Hassan na Fousseyni Drame, waliokuwa wakipigana chini ya kikapu. Nyongeza ilipofika, Saint Peter's ilikuwa na watu wengi waliokwisha kuzoea kubeba mzigo. Kentucky ilikuwa na jitu moja kutoka Lubumbashi, lakini jitu moja halichezi nafasi tano.

Jambo la pili ni mitupo huru, ile ambayo mchezaji anasimama peke yake mbele ya kikapu na hakuna anayemzuia. Siku ile Kentucky ilikosa mitupo huru zaidi ya kumi. Saint Peter's ilikosa michache tu. Katika mchezo ulioisha kwa tofauti ya pointi sita, hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Kocha wa Kentucky, John Calipari, alikuwa ameshaonja uchungu huo zamani. Mwaka 2008, kwenye fainali ya vyuo vikuu mjini San Antonio, timu yake ya wakati ule, Memphis, ilikuwa mbele kwa pointi tisa zikiwa zimebaki kama dakika mbili. Katika dakika ya mwisho na kidogo, wachezaji wake wawili bora walikosa mitupo huru minne kati ya mitano. Mario Chalmers wa Kansas akafunga pointi tatu kwa mpigo, zikibaki sekunde 2.1, na kusawazisha. Kwenye nyongeza Kansas ikashinda 75 kwa 68. Calipari si kocha mbaya: mwaka 2012 alichukua ubingwa akiwa na Kentucky. Lakini hakuna jina la kocha, wala mshahara, linaloweza kuingiza mtupo huru mahali pa mchezaji.

Kuhusu mshahara, magazeti ya Marekani yaliandika kwamba Calipari alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 8 kwa mwaka, huku Holloway hafiki laki tatu. Kumbe pesa inanunua wachezaji warefu na viwanja vizuri, lakini utulivu wa dakika ya mwisho haiuzwi sokoni.

Utulivu huo Holloway aliujua kwa mwili wake mwenyewe. Mwaka 2000, akiwa mchezaji wa Seton Hall, alichukua mpira na kukimbia kiwanja chote hadi kufunga, zikibaki sekunde mbili hivi za nyongeza. Seton Hall ikaishinda Oregon 72 kwa 71. Kocha aliyepitia moto huo anajua kwamba mchezaji anayeogopa hahitaji matusi. Anahitaji kukumbushwa jambo moja analoliweza.

Hapo ndipo makocha wa mashariki mwa Congo wanapopaswa kujiangalia. Mara nyingi kwenye viwanja vya simenti, mchezo ukikaza, kocha anapiga kelele kutoka mwanzo hadi mwisho, anawatukana watoto, anambakiza nyota wake dakika zote 40, na kisha analaumu mwamuzi. Mchezaji wa nane na wa tisa wanakaa benchi msimu mzima. Siku nyota anapofikisha makosa matano na kutolewa, mtoto wa watu anaingizwa ghafla na kuambiwa aokoe timu. Akikosa, analaumiwa yeye.

Wengine watasema kwamba mipira ni michache, viatu vimeisha, na vijana wanakuja mazoezini na njaa. Ni kweli, na viongozi wa michezo wanapaswa kujibu juu ya hayo. Lakini mitupo huru haiombi franga hata moja. Kocha anaweza kukimbiza vijana mpaka wachoke, kisha kila mmoja apige miwili, wenzake wakimpigia kelele. Anaweza kuweka saa ya dakika tano kila Jumamosi na kucheza nyongeza ya mazoezi. Na faida yake ni kubwa, kwa sababu kwa sheria za FIBA nyongeza inahesabiwa kama mwendelezo wa robo ya nne. Timu iliyokwisha kujaza makosa yake inaadhibiwa kwa mitupo miwili karibu kila inapomgusa mpinzani.

Saint Peter's ilikwenda mbele mpaka ikawa timu ya kwanza ya nafasi ya 15 kufika katika nane bora za mashindano hayo. Tshiebwe, kwa upande wake, alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka ule ule. Tuzo ilikuwa yake kwa haki. Mchezo ule ulichukuliwa na timu iliyotayarisha watu wengi zaidi. Congo haikosi vijana warefu wenye kipaji. Inakosa makocha wanaofundisha dakika tano za mwisho kabla hazijafika.